Kipimo cha ngozi cha TB kwa mwajiriwa mpya: kiendelee au kiachwe?

Mtoa mada

Wahudumu wenzangu, naomba tulijadili hili waziwazi. Nimeanza kazi mpya. Kabla ya kupangiwa wodi nilidungwa tuberkulini, dawa ya kupimia TB, ndani ya ngozi ya mkono, nikaambiwa nirudi baada ya saa 48 hadi 72. Niliporudi, aliyesoma aliweka rula juu ya wekundu wote, akaandika milimita 12. Hakuniuliza kama nina kikohozi, jasho la usiku au nimepungua uzito. Hakuniuliza habari ya BCG, chanjo ya TB, na kovu lake ninalo. Eksirei ilionyesha mapafu safi, lakini nilizuiwa kuingia kazini wiki nzima, huku watu wakinong'ona kwamba nina TB. Iliniuma sana.

Msimamo wangu ni kwamba kipimo hiki kiachwe. Tuberkulini ni mchanganyiko wa protini, na baadhi yake zimo pia katika BCG, kwa hiyo aliyechanjwa anaweza kuvimba bila kuambukizwa. Kipimo cha damu, IGRA, hutumia protini ambazo BCG haina. Unatolewa damu mara moja na hulazimiki kurudi kusomwa. Kwa nini tung'ang'anie sindano ya ngozi?

Muuguzi wa afya kazini

Pole sana dada. Hayo manong'ono ni kosa, na aliyevujisha jibu lako amekukosea.

Ila kwanza, wekundu hauhesabiwi. Kinachopimwa ni uvimbe mgumu tu: unapapaswa kwa kidole, unawekewa alama kingo mbili, ndipo unapimwa kwa kukata mkono upana. Kwa mhudumu wa afya, wengi huanzia milimita 10 kuita jibu chanya. Huenda yako haikufika hata hapo. Omba upimwe upya kwa damu.

Pili, BCG ya uchangani haidumu kuvimbisha mkono milele. Kwa wengi athari yake hufifia ndani ya miaka kumi hivi. Mtu mzima aliyekaa wodini miaka mingi akivimba kweli, nisingekimbilia kulaumu chanjo.

Na hapa ndipo sikubaliani nawe kabisa. Kipimo cha kuanzia kazi kinakulinda wewe. Mwaka ujao ukikaa na mgonjwa anayekohoa TB kabla hajagunduliwa, tutajuaje kama maambukizi ni mapya? Mapya ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu wengi wanaougua huugua ndani ya miaka miwili ya kwanza. Na ukitaka kudai kwamba uliambukizwa kazini, utaonyesha nini?

Tena kipimo chenyewe kinatakiwa kurudiwa. Aliyeambukizwa zamani anaweza kukosa uvimbe mara ya kwanza, lakini sindano ile ikaamsha kumbukumbu ya kinga. Akipimwa mwaka ujao atavimba, na tutadhani ameambukizwa juzi. Ndiyo maana aliyetoka hasi hudungwa tena baada ya wiki moja hadi tatu. Hatua hii inarukwa ovyo, na mimi nahesabu kuiruka ni sawa na kutopima.

Wa maabara

IGRA naipenda, lakini isisifiwe kupita kiasi. Damu isipofika maabara kwa wakati inaharibika, na jibu lililo karibu na mpaka linaweza kuwa chanya leo na hasi mwezi ujao. Wala hakuna kati ya vipimo hivi kinachotofautisha vimelea vilivyolala, yaani vilivyomo mwilini bila kumwuguza mtu, na ugonjwa wenyewe. Pia tangu 2022 WHO imekubali vipimo vipya vya ngozi vyenye protini zisizomo katika BCG. Kwa hiyo kuna njia ya tatu.

Msomaji mwingine

Mimi ninachopinga ni kupimwa kila mwaka. Marekani, CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, iliacha kulipendekeza hilo mwaka 2019 kwa mhudumu ambaye hajakaribiana na mgonjwa, ikabakiza kipimo cha kuanza kazi pamoja na maswali ya dalili na hatari. Huko naona wametenda haki.

Mtoa mada

Muuguzi, nakushukuru. Hoja ya ushahidi sikuwa nimeifikiria, na neno "kiachwe" naliondoa. Kipimo cha kuanza kazi kibaki.

Lakini kuzuiwa kazini bado sikukubali. Mwenye vimelea vilivyolala, asiye na dalili na mwenye eksirei safi, haambukizi mtu. Alistahili kuingia wodini siku ileile eksirei iliposomwa, na kuzungumziwa dawa faraghani. Siku hizi kuna dozi 12 tu za isoniazidi na rifapentini, moja kwa wiki. Hilo sikutajiwa kabisa, nililisoma mwenyewe.

Jumatatu natoa damu. Swali langu kwako, Muuguzi: ikitoka hasi, ile 12 inafutwa kwenye faili langu, au itanifuata kila ninapoomba kazi?