Tupeane uzoefu: ulimpangia Mungu, akafanya lake. Ulishukaje?

Sauti ya Pili: Jumapili mhubiri kagusa habari ya Naamani, 2 Wafalme 5. Jemadari mzima wa Shamu, ana ukoma, anakasirika eti nabii Elisha hakutoka nje kumlaki, kamtumia mjumbe tu, kaoge Yordani mara saba. Jamaa alikuja na ramani yake ya uponyaji kichwani. Nikakumbuka nilivyosusa kwaya miezi minane kisa solo kapewa binti aliyejiunga juzi. Niliomba kabisa, Bwana hii kwaya isiimbe bila mimi. Ikaimba. Tena ikarekodi. Haya mwageni na nyie.

Mama Wawili: Hahaa usiniguse, mi nilisusa kikundi cha akina mama kisa kitenge cha sare.

Mwalimu Bila Chaki: Mkuu umenitonesha. Mi nimesomea ualimu, kila PDF ya majina ya ajira ikitoka nakesha nayo. Mwaka ule nilifunga siku 21, nikasimama siku ya shuhuda nikasema ajira nimeshapata kwa imani, vigelegele vikapigwa, nikaenda soko la Karume nikanunua na begi la matairi. PDF ikatoka saa nne usiku bando linakata, nikatafuta jina mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu nikajiambia labda wamekosea herufi. Hamna. Begi limesimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kusindikizwa. Kanisani nikaacha kwenda, nilimnunia Mungu, na kilichoniuma wala si kazi, ni kwamba watu wataniona muongo. Sasa kuna jirani yetu, mama ambaye hata kuandika jina lake anahangaika, akaniambia mwanangu njoo unisaidie maandazi mkono umevimba. Nikaona kaitukana digrii yangu. Nilienda kwa njaa, msinisifie unyenyekevu. Saa kumi alfajiri nakanda unga, nikitoka kuuza navaa kofia na barakoa nisijulikane. Siku moja kaja niliyesoma naye, kachukua ya buku mbili, kaniangalia, "mwalimu, ongeza moja basi". Kumbe ananijua kitambo! Nikaivua barakoa palepale, jasho lenyewe lilikuwa linaniua. Yule mama kila akimimina mafuta kwenye karai anasema Bwana asante kwa mafuta. Mafuta ya kupima hayo. Mi wa siku 21 sijawahi kushukuru kwa mafuta. Ajira sijapata mpaka leo, begi ndo tunawekea unga.

Chuma Chakavu: Begi kuwekea unga 😂😭 pole mwalimu

Askari wa Imani: Dada ulikiri vizuri ila ukashuka imani. Ungeendelea kukiri tu.

Nani Kasema: We acha hizo. Mtu akikosa mnamwambia imani ndogo. Paulo kaomba mara tatu mwiba utoke akaambiwa neema yangu yakutosha, nae imani ndogo?

Askari wa Imani: Mwiba wa Paulo sio PDF.

Mkatoliki Mtulivu: Ndo maana sisi tunasali mapenzi yako yatimizwe tunaenda kunywa chai.

Askari wa Imani: Nyie mnasali huku mnaangalia saa.

Sauti ya Pili: Madhehebu pelekeni uzi mwingine jamani.

Kijiwe Namba Tatu: Ngoja niseme aibu yangu. Kwenye mkesha mtumishi kasema toa kinachokuuma. Nikapanda madhabahuni nikaweka funguo ya boda, nikapiga magoti nikalia. Boda ya mkataba. Kila siku napeleka hesabu elfu kumi kwa tajiri, imebaki miezi mitano iwe yangu. Kichwani nimeshaona Mungu ananilipa gari, IST.

Chuma Chakavu: WEEE

Mama Wawili: Umetoa boda ya watu?? Ikarudi?

Kijiwe Namba Tatu: Abiria kaja, narudi.

Nani Kasema: Huyu afungiwe. Unatuachaje hapo?

Mkatoliki Mtulivu: Mi hata chai imepoa.

Kijiwe Namba Tatu: Nimerudi. Tajiri kaja Jumapili, kakaa benchi la nyuma kimya mpaka ibada imeisha. Ni Muislamu, hakupiga kelele hata kidogo. Kamwambia mchungaji, mzee wangu, kijana kamtolea Mungu pikipiki yangu, mimi Mungu huwa nampa vyangu mwenyewe. Funguo ikarudi, mkataba kaniongezea miezi miwili kama faini. Ukweli ni kwamba siku ile kuna jamaa katangulia kutoa tivii, watu wakamshangilia. Nikataka yangu iizidi tivii.

Askari wa Imani: Hapo hata mimi sina la kusema.

Mama Wawili: Ushauri: usitoe ushuhuda kabla ya barua.

Chuma Chakavu: Mi nasema toa, ila kadi ya pikipiki iwe na jina lako.

Nani Kasema: Yakobo 4:3, mwaomba vibaya. Ila kuomba usiache, na usimwambie mtu.

Sauti ya Pili: Mi naona tuambiane. Naamani kama si kijakazi aliyesema habari za nabii, na watumwa wake waliomsihi aoge, angerudi kwao na ukoma wake, anasifia mito ya Dameski.

Mkatoliki Mtulivu: Mwalimu, maandazi yanakuwepo mpaka saa ngapi?

Mwalimu Bila Chaki: Saa mbili yameisha. Njoo na chenji.