Bango la zahanati: nyoka mmoja au wawili?

Mchora_Mabango: Wakuu, nina kazi ya bango la zahanati yenye duka la dawa jengo hilohilo. Mteja kaleta picha tatu: nyoka mmoja kwenye fimbo, wawili kwenye fimbo yenye mabawa, na mmoja kwenye bakuli. Yeye kaipenda ya mabawa. Mnashauri ipi?

Nesi_Mstaafu: Ya mabawa achana nayo! Hiyo ni fimbo ya Hermes, mungu wa Wagiriki aliyelinda wafanyabiashara na wezi, tena ndiye aliyesindikiza roho za wafu kuzimu. Mgonjwa anaingia, msindikizaji kashatangulia mlangoni 😂

Kijana_wa_Kati: Mbona jeshi la Marekani wanaitumia?

Nesi_Mstaafu: Idara yao ya tiba iliichukua mwaka 1902, ikasambaa. Lakini WHO, Shirika la Afya Duniani, nembo yao ya 1948 ina nyoka mmoja tu.

Msomaji_wa_Kale: Nyoka mmoja ni wa Asclepius, mungu wa tiba wa Wagiriki, mwana wa mungu Apollo. Masimulizi yanasema alitibu mpaka akafufua wafu, Zeus, mkuu wa miungu, akamuua kwa radi. Kwenye hekalu lake Epidaurus, huko Ugiriki, wagonjwa walilala ukumbini wakisubiri mungu awatokee ndotoni, na nyoka wasio na sumu walifugwa humo. Roma ilipokumbwa na tauni, mwaka 291 KK wakaleta nyoka kutoka huko. Inasimuliwa alishuka mwenyewe kwenye kisiwa cha mto Tiber, wakamjengea hekalu palepale. Kisiwa hicho kina hospitali mpaka leo.

Daktari_Bwenini: Wengine wanadai wa kwenye fimbo hakuwa nyoka, ni mnyoo wa Guinea. Ule unatokea mguuni, unazungushiwa kijiti na kuvutwa taratibu siku nyingi, maana ukikatika ni balaa. Dhana inavutia, ila mimi naona habari za Epidaurus zina uzito zaidi.

Mlokole1: Nyoka ni nyoka tu. Someni Mwanzo 3.

Nesi_Mstaafu: Ukimaliza hapo soma na Hesabu 21, Musa na nyoka wa shaba.

Mfamasia_Mtaani: Bakuli ni la Hygieia, binti wa Asclepius, nasi wafamasia ndiyo alama yetu. Mkuu, dirisha la dawa weka bakuli, mlango wa zahanati weka fimbo. Na fimbo usiichore nyororo kama bomba. Sanamu nyingi za Asclepius zinamwonyesha ameegemea gongo nene la mti, lina vifundo.