Bunge la Tsar: lilikuwa bunge kweli au changa la macho?

Mchokonozi:
Wakuu, kila tukigusa Urusi watu wanaruka moja kwa moja hadi mapinduzi ya 1917, kana kwamba kabla ya hapo hakukuwa na kitu. Kulikuwa na Duma nne, yaani mabunge, kuanzia 1906 (na tafadhali mtu asilete utani wa mnyama). Tsar (mfalme) Nicholas II alibanwa na migomo ya 1905, akatoa ilani ya Oktoba ya kuahidi bunge, bunge likaitishwa. La kwanza halikumaliza hata miezi mitatu, akalivunja. Swali: lilikuwa bunge changa ambalo lingeachwa lingekomaa, au geresha tangu siku ya kwanza? Mimi nasema lingekomaa.

Pweza_Mkavu:
Geresha mkuu. Siku nne kabla wabunge hawajakaa, Tsar anatoa Sheria za Msingi mwenyewe, mamlaka ya kiimla yamo humo, mawaziri wanawajibika kwake, jeshi lake, mambo ya nje yake, kuvunja bunge ni yeye, na ile nyumba ya juu nusu anateua yeye. Hela nayo alishajikopea mwezi huohuo, faranga zaidi ya bilioni 2, nyingi za Wafaransa, wabunge wasije wakamshika pabaya kwenye bajeti. Sasa hapo kuna nini cha kukomaa?

Profesa_wa_Kijiweni:
Tusimbebeshe Tsar kila kitu jamani. Lile bunge lilijaa wakulima, wengine kusoma kwenyewe kwa kubabaisha, wanakaa pale kwa posho ya ruble 10 kwa siku. Na wale Kadets, chama cha waliberali, maprofesa na mawakili, wanataka serikali iwajibike kwa bunge leo leo. Uingereza ilichukua karne ngapi kufika hapo?

MjukuuWaMkulima:
Ngoja kwanza. "Kusoma kwa kubabaisha" ndiyo hoja yako? Serikali yenyewe ndiyo iliwapa wakulima nafasi kubwa mwaka ule, ilidhani mkulima atampigia magoti baba yake Tsar, wamefika pale wakasema kitu kimoja, ARDHI, mashamba ya mabwana yagawanywe. Goremykin, waziri mkuu, msomi wako huyo, akaja kuwajibu kwamba kugusa mali ya mabwana haikubaliki kabisa. Nani hapo alikuwa hajui kusoma? Babu yangu mimi hakukanyaga darasa na hakuna aliyewahi kumwibia hata tuta moja.

Profesa_wa_Kijiweni:
Sijamtaja babu yako mkuu, punguza jazba.

MjukuuWaMkulima:
Umemtaja.

Kobe_Mwendokasi:
Mimi nimekwama kwenye ruble 10 😂 mtu wa kiwandani alikuwa anaisotea siku kadhaa hiyo. Kumbe posho ya kikao ina historia ndefu. Halafu si ndilo bunge lile dari lilianguka?

Pweza_Mkavu:
Hilo ni la pili, Machi 1907, Jumba la Tauride. Dari limeporomoka kabla watu hawajaingia, plasta na mbao zimelala kwenye viti. Nusura wamalizwe wote bila Tsar kuhangaika na karatasi.

Kobe_Mwendokasi:
La kwanza, la pili, si jengo lilelile.

Dada_Mshari:
Mmekazana na mkulima na kusoma, hakuna hata mmoja aliyesema wanawake hawakupiga kura kabisa. Halafu Finland, iliyokuwa chini ya Tsar huyohuyo, 1907 wameingia wanawake 19 bungeni, na sheria ya uchaguzi aliidhinisha Nicholas mwenyewe. Kwa hiyo msiniambie "watu hawakuwa tayari". Alikuwa anajua kabisa kuachia, aliamua wapi aachie.

Profesa_wa_Kijiweni:
Finland ni Finland dada yangu. Tuendelee.

Mchokonozi:
Narudi kwenye mada. Duma ya tatu, 1907 hadi 1912, ilimaliza muda wake wote. Huo ndio ushahidi wangu. Stolypin, waziri mkuu baada ya Goremykin, alipata bunge la kufanya nalo kazi na kazi ikafanyika.

Pweza_Mkavu:
Acha kutulisha matango pori! Ilimaliza muda kwa sababu tarehe 3 Juni 1907 Tsar alivunja la pili na siku hiyohiyo akabadili sheria ya uchaguzi bila bunge, kinyume na sheria walizoandika wao wenyewe, kura za mabwana zikapandishwa thamani, za wakulima na wafanyakazi zikashushwa. Ukichagua wapiga kura, bunge litakuchekea tu. Na kabla ya hapo Stolypin ana mahakama zake za kijeshi, kesi haizidi siku mbili, hukumu inatekelezwa ndani ya siku moja, watu zaidi ya 1,000 wamekwenda. Ndiyo maana mbunge Rodichev akasimama mle ndani akakiita kitanzi cha kunyongea "tai ya Stolypin", tai ile ya shingoni.

Profesa_wa_Kijiweni:
Malizia basi na kilichofuata. Stolypin akamwita wapigane kwa bastola na huyo shujaa wenu akaenda kuomba radhi siku hiyohiyo. Maneno mengi, ukiguswa unanywea.

MjukuuWaMkulima:
Yaani waziri mkuu anamtishia mbunge bastola kwa neno alilosema bungeni, wewe unayemwona mwoga ni mbunge??

Profesa_wa_Kijiweni:
Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usikimbie swali.

MjukuuWaMkulima:
Nisingeomba.

Kobe_Mwendokasi:
Ungeomba tu kaka, tena ukiwa umevua kofia 😂

Dada_Mshari:
Kuomba radhi si tatizo, mtu ana familia. Mnaruka lililo baya zaidi. Wabunge wenzake ndio waliomfungia Rodichev vikao 15, na Stolypin wakampigia makofi. Hakuna askari aliyewashikia bunduki. Mchokonozi, hilo ndilo bunge lako lililokomaa?

Mchokonozi:
Dada, kwa mdomo huo wewe wangekufungia 30.