Naomba ushauri: maelekezo ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Football Manager (gemu ya kuwa kocha wa timu ya mpira)

Wakuu habari zenu, natumia mfumo wa 4-2-3-1 (mabeki wanne, viungo wakabaji wawili, watatu mbele yao na mshambuliaji mmoja) na shida yangu iko kushoto. Winga wa pale anatumia mguu wa kulia, nimemwekea aingie ndani na apige chenga zaidi, halafu beki namba 3 (beki wa kushoto) nimempa apande muda wote, sasa tukipoteza mpira tu nyuma kunabaki wazi na karibu kila goli nalofungwa linapitia hapo, inaniuma kweli maana mbele tunacheza vizuri sana. Nikamzuia beki asipande, winga akabaki peke yake anakabwa na watu wawili. Je, nimwambie kiungo mkabaji wa upande huo asipande kabisa, au nibadilishe maelekezo ya winga mwenyewe? Mliowahi kukutana na hii mlifanyaje?