Mrejesho: Binti yangu wa miaka 10 na bunduki ya upepo

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama binti yangu amefikia umri wa kufundishwa kulenga shabaha. Nilifuata ushauri wa kupima utiifu wake kwanza: kwa wiki tatu alishika bunduki isiyo na risasi, akijifunza kuihesabu kila mara kuwa imejazwa, kuelekeza mtutu pasipo na mtu na kuweka kidole mbali na kifyatulio mpaka awe amelenga. Hata hivyo, siku ya kwanza ya kufyatua aligeuka kwa furaha kuniita, na mtutu ukageuka naye. Nilisitisha zoezi papo hapo. Sasa ninampa risasi moja moja, nikiwa nimesimama kando yake, sote tumevaa miwani ya kinga, na kosa hilo halijarudi. Mdogo wake wa miaka 6 bado anasubiri.