Naomba ushauri: mwanga wa yuropiamu unafifia ukikaa kwenye nanotyubu za kaboni

Habari zenu ndugu. Niko Kampala, naomba msaada kwa wanaojua kemia ya vitu vinavyong'aa.

Nanotyubu za kuta nyingi (mirija midogo mno ya kaboni) zimeoksidishwa kwa asidi ya sulfuriki na ya nitriki, 3:1 kwa ujazo, kwenye nyuzi 60 kwa saa 4, zikaoshwa hadi pH 6. Miligramu 20 zimetawanywa katika mililita 20 za ethanoli, ikaongezwa kloridi ya yuropiamu (metali ambayo ioni zake hung'aa wekundu), kisha TTA na fenanthrolini (molekuli zinazoishika yuropiamu na kuunda nayo kompleksi) kwa uwiano wa moli 1:3:1.

Kompleksi peke yake chini ya taa ya nanomita 365 inawaka nyekundu kali, kilele cha mwanga karibu na nanomita 612. Ikiwa juu ya nanotyubu, hicho kilele kinabaki kidogo sana. Kinachonisumbua zaidi ni ethanoli ya juu baada ya sentrifuji (kuzungusha kwa kasi ili nanotyubu zitue chini): inaendelea kung'aa wekundu kila ninapoosha. Naona kompleksi imeshika juujuu tu, haijafungwa na kaboksili (vikundi vya asidi vilivyo juu ya nanotyubu baada ya kuoksidishwa).

Nanotyubu zenyewe humeza mwanga, na pia huvuta nishati ya kompleksi iliyo karibu mno. Unyevu nao, kupitia mtetemo wa kiungo cha O–H cha maji, unaiba sehemu ya nishati hiyo. Umeme ukikatika wakati wa kukausha kwa vakyumu, sampuli inanyonya maji upya.

Je, nitangulize tabaka la silika la nanomita 5 hadi 10, au PVP (polima ya kufunika nanotyubu) inatosha kutenganisha kompleksi na nanotyubu? Na kwa silika, niweke TEOS (kimiminika kinachogeuka silika) kiasi gani kwa miligramu 20 za nanotyubu bila nanotyubu kugandana?