Ofisi moja ya ujasusi isiyo na mfuko ni kuwadanganya wananchi: someni sheria ya Marekani

Wakuu, kila kunapotokea shambulio au aibu ya usalama lazima atokee mtu na dawa ileile: vyombo vyote vya ujasusi viwekwe chini ya bosi mmoja. Na mfano ni uleule, Marekani baada ya Septemba 11. Inakera, kwa sababu wanaoutoa mfano huo hawajaifungua sheria yenyewe. Marekani haikuweka vyombo vyake chini ya bosi mmoja. Ilimpa mtu mmoja cheo cha Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, funguo wakabaki nazo walewale.

Tuanzie nyumbani, maana jambo hili linatuhusu. Agosti 7, 1998 balozi za Marekani zililipuliwa Nairobi na Dar es Salaam. Wakafa watu 213 Nairobi na 11 Dar, wengi wao watu wetu waliokuwa kwenye shughuli zao. Katika kumhoji mmoja wa walipuaji wa Nairobi ikapatikana namba ya simu ya nyumba moja Sana'a, Yemen. NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, wakawa wanaisikiliza simu ile. Mwishoni mwa 1999 wakasikia habari za mkutano utakaofanyika Malaysia, na majina ya kwanza ya watu: Khalid, Nawaf. Jina kamili la Nawaf lingeweza kupatikana kwenye kumbukumbu zao wenyewe NSA. Hakuna aliyelitafuta.

Januari 2000 pasipoti ya Khalid al-Mihdhar ilinakiliwa Dubai akiwa safarini, na ndani yake kulikuwa na visa ya Marekani. CIA wakaiona. Afisa wa FBI aliyeazimwa CIA akaandika taarifa ya kuwajulisha wenzake wa FBI. Taarifa ikazuiwa, haikutoka. Januari 15 Khalid na Nawaf al-Hazmi, waliokuja kuwa miongoni mwa watekaji wa ndege za Septemba 11, wakatua Los Angeles, wakahamia San Diego. Majina yao yaliingia kwenye orodha ya watu wa kuzuiwa mipakani Agosti 24, 2001, zimebaki siku 18 kufika Septemba 11. Damu iliyomwagika Nairobi na Dar ndiyo iliyoleta ile namba ya simu, na vyombo vitatu vikaigawana vipandevipande hadi ikakosa faida.

Msiniambie tatizo lilikuwa kukosa bosi, kwa sababu bosi alikuwepo. Tangu sheria ya 1947 mkuu wa CIA alikuwa pia mkuu wa jumuiya nzima ya ujasusi. Desemba 4, 1998 George Tenet, mkuu wa CIA wa wakati huo, aliandika waraka kwamba wako vitani na Osama bin Laden, na watu wala rasilimali visibaniwe. Tume ya Kean na Hamilton, iliyochunguza Septemba 11, ilipokuja kuuliza, mkuu wa NSA wa wakati ule akasema alidhani waraka unawahusu CIA. Watu wa CIA nao walidhani unawahusu wale wengine, maana wao walikuwa tayari wanafanya kila wanaloweza. Waraka wa vita ukapita bila kubadilisha kitu cha maana, kwa sababu aliyeuandika hakuwa na uwezo wa kumkata mtu hata senti moja nje ya CIA.

Julai 2004 Tume ikalisema hili wazi: awepo mkuu mpya wa ujasusi, apewe fedha moja kwa moja, na jumla ya bajeti itangazwe. Wakati ule Bunge likayakataa yote mawili. Fungu kubwa la ujasusi likabaki limefichwa ndani ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi. Novemba 20 mswada wa kuunda cheo hicho ukakwama, kwa kuwa Duncan Hunter, mwenyekiti wa Kamati ya Jeshi ya Baraza la Wawakilishi, na wenzake walihofia askari vitani watanyimwa picha za setilaiti. Uliporudi Desemba ulikuwa umebeba kifungu cha 1018, kwamba utekelezaji usifute mamlaka ya kisheria ya wakuu wa wizara. Ukapita kwa kura 336 kwa 75, Seneti 89 kwa 2, Bush akausaini Desemba 17. Kifungu hicho kimoja ndicho ambacho kila waziri amekuwa akikifungua mezani asipotaka kuguswa.

Sasa tazameni hesabu. Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa anaweza kuhamisha fedha kutoka idara au shirika bila ridhaa ya mkuu wake, ila kiasi kiwe chini ya dola milioni 150 kwa mwaka na wakati huohuo kiwe chini ya asilimia 5. Masharti yote mawili lazima yatimie. Chukua shirika lenye dola bilioni 10. Asilimia 5 ni milioni 500, lakini ule ukomo wa milioni 150 unamkamata kwanza, kwa hiyo uwezo wake hasa haufiki asilimia moja na nusu. Na kabla ya hapo apate kibali cha ofisi ya bajeti ya Ikulu, kisha azijulishe kamati za Bunge. Watumishi? Akianzisha kituo kipya cha ujasusi, ana miezi 12 ya kuhamishia watu wasiozidi 100. Mwaka wa fedha 2024 bajeti ya ujasusi wa kitaifa ilikuwa dola bilioni 76.5, na ya ujasusi wa kijeshi bilioni 29.8. Hiyo ya pili iko chini ya Waziri wa Ulinzi. Kati ya vyombo 18 vya leo, 9 viko wizara hiyohiyo.

Kwenye uteuzi ni hivyohivyo. Wakuu wa NSA, NRO (setilaiti za kijasusi) na NGA (picha na ramani), Waziri wa Ulinzi anahitaji ridhaa ya Mkurugenzi. Wa DIA (ujasusi wa kijeshi), Mkurugenzi anaombwa ushauri tu. Mwaka 2009 Dennis Blair, Mkurugenzi wa wakati huo, alitoa waraka kwamba anaweza kumteua mwakilishi wake katika nchi za nje ambaye si lazima awe mkuu wa kituo cha CIA. Leon Panetta, mkuu wa CIA wa wakati huo, ambaye kwenye karatasi alikuwa chini yake, akawaambia watu wake waupuuze. Ikulu ikamuunga mkono Panetta. Mei 2010 Blair akaondoka.

Katikati ya mvutano huo, Novemba 19, 2009 baba mmoja wa Nigeria alikwenda ubalozi wa Marekani Abuja kuonya kwamba mwanawe amepotelea kwa wenye msimamo mkali, huenda yuko Yemen. Hakuna chanzo bora kuliko mzazi. Ubalozi ukatuma taarifa jina likiwa limekosewa tahajia, mfumo wa visa ukatafuta herufi kwa herufi, ukajibu hana visa. Alikuwa nayo, tena ya kuingia mara nyingi. Jina likaingia kwenye hifadhidata kuu ya ugaidi, halikupanda orodha ya wasioruhusiwa kupanda ndege. Desemba 25 Umar Farouk Abdulmutallab akajaribu kuilipua ndege ikikaribia Detroit, ndani yake watu karibu 290. Walipona kwa sababu bomu lilishika moto bila kulipuka na abiria wakamrukia. Uchunguzi wa Ikulu ukakuta CIA na kituo cha taifa cha kupambana na ugaidi wote walikuwa na jukumu la kuunganisha taarifa, na hakuna aliyepewa kwa jina kazi ya kuufuatilia uzi huo hadi mwisho. Miaka mitano baada ya sheria!

Kitu kimoja hakipaswi kuunganishwa kabisa: maoni. Oktoba 2002, kwenye tathmini ya silaha za Iraki, wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani walisema mabomba ya aluminiamu yanafaa maroketi ya milimita 81, si mashine zinazozunguka kwa kasi za kurutubisha urani. Walikuwa sahihi. Hoja yao ikazamishwa chini ya sauti ya pamoja, na vita ikapiganwa. Unganisheni mfuko, kompyuta na orodha za majina. Wachambuzi waacheni wabishane, na ubishi wao umfikie rais bila kuchujwa.

Agosti 2025 Tulsi Gabbard, akiwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, alitangaza kuipunguza ofisi hiyo kwa zaidi ya asilimia 40, na tayari kuna wanaoshangilia kwamba "wazo limeshindwa". Wazo halijawahi kujaribiwa. Anayebisha alete kifungu kinachompa Mkurugenzi mamlaka ya kumfukuza kazi mkuu wa NSA. Na anayetaka ofisi ya namna hii katika nchi zetu aanze kwa kutuambia hundi itasainiwa na nani.